Mahabusu wa uhamiaji: Katavi iulize nini, isiulize nini

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilimpa raia wa Tanzania nguvu ya kuiandikia taasisi ya umma na kudai taarifa iliyo mikononi mwake. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaitoa haki hii kwa raia peke yake. Mkongomani, Mrundi au Muethiopia aliyekamatwa mkoani Katavi kwa kuingia nchini bila kibali hawezi kuitumia. Atakaa mahabusu wiki au miezi, na sheria hii haitampa nafasi ya kuuliza kumbukumbu zake zinasema nini, nani aliyempekua, wala kwa nini safari yake ya kurudishwa kwao imechelewa. Anayeweza kuuliza ni mwenyeji: mwalimu wa Nsimbo, mfanyabiashara wa soko la Mpanda, mwandishi wa redio ya mkoa.

Ndiyo maana swali la nini kiulizwe ni letu, wala si la mgeni. Na swali hilo huwa zito zaidi pale aliyeko ndani anapokuwa mtu aliyebadili jinsia, ambaye kutajwa tu kunaweza kumponza. Hoja yangu ni hii: tudai kumbukumbu za mwenendo wa serikali kwa mtu huyo, tena tuzidai kwa bidii. Tusidai kumbukumbu zinazomtambulisha yeye.

Katavi ina sababu za kulibeba jambo hili kuliko mikoa mingi. Mkoa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu ndani yake watu 1,152,958. Upande wa magharibi una Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo; Karema na Ikola zimeishi na wasafiri wa majini tangu kabla ya mipaka kuchorwa. Katumba na Mishamo ziliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu 162,156 kutoka makazi hayo mawili pamoja na Ulyankulu ya Tabora. Leo zipo kaya Katumba ambazo wazee wake waliishi miongo minne kama wakimbizi, wakihitaji kibali hata cha kutoka nje ya makazi, na vijana wake ni raia wanaoweza kutia saini ombi la taarifa. Haki ambayo wazee wao hawakuwa nayo, wao wanayo.

Sasa tuangalie kumbukumbu zenyewe ziko wapi. Anayekamatwa kwa kosa la uhamiaji Tanzania kwa kawaida huwekwa kwenye seli za polisi au gerezani, pamoja na watuhumiwa na wafungwa wengine. Maofisa wa Uhamiaji humkamata na kumhoji, Polisi humhifadhi, mahakama humtoza faini au kumfunga, Magereza humpokea, kisha Uhamiaji humchukua tena ili aondolewe nchini. Idara ya Uhamiaji, Jeshi la Polisi na Jeshi la Magereza zote ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lakini kila moja ina daftari lake. Mtu anaweza kumaliza kifungo chake na bado akabaki ndani kwa kuwa nauli haijapatikana au ubalozi wake haujathibitisha uraia wake. Siku hizo za ziada hupotea kirahisi kati ya daftari moja na jingine.

Ukubwa wa jambo tuliwahi kuuona mara moja. Januari 2021, Rais John Magufuli alipokutana na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia huko Chato, taifa lilitangaziwa kwamba Waethiopia 1,789 waliokuwa katika magereza ya Tanzania wangeachiwa warudi kwao. Idadi hiyo ilifika masikioni mwa wananchi kwa sababu marais wawili walikutana. Takwimu ya namna hiyo ilipaswa kupatikana kwa barua ya mwananchi wa kawaida, kila mwaka, kwa kila mkoa.

Ndani ya mfumo huo seli ziko za aina mbili, za wanaume na za wanawake. Mtu ambaye hati yake ya kusafiria inasema mwanamume ilhali anaishi na kuonekana kama mwanamke huamuliwa hatima yake mlangoni, na ofisa wa zamu, mara nyingi bila mwongozo wowote wa maandishi mbele yake. Huyo si sawa na huntha, aliyezaliwa na maumbile ya jinsi tata, lakini mlangoni pa seli wote wawili hukutana na maswali yale yale: wapekuliwe na nani, walale wapi, dawa zao watazipata vipi. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015 kuhusu namna ya kuwatunza wafungwa, zinaelekeza katika kanuni ya 7 kwamba jalada la mfungwa limtambulishe kwa kuheshimu jinsia anayojitambua nayo. Kosa likifanyika katika uamuzi huo wa kwanza, mengine yote hulifuata.

Marekani imetuachia mfano wa nini kumbukumbu zinaweza kufanya. Mei 2018 Roxsana Hernández, mwanamke aliyebadili jinsia kutoka Honduras, alifika mpakani akaomba hifadhi. Alikuwa anaishi na VVU na afya yake ilikuwa dhaifu. Tarehe 25 ya mwezi huohuo alifariki hospitalini New Mexico akiwa bado chini ya ulinzi wa mamlaka ya uhamiaji. Shirika la wanasheria la Transgender Law Center liliomba nyaraka za kifo hicho kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari ya nchi ile, ya tangu mwaka 1966. Majibu yalichelewa, shirika likaenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba mamlaka hazikuwa zimezitafuta nyaraka hizo ipasavyo. Nyaraka hazikumrudisha Roxsana. Ziliwawezesha walio hai kufuatilia alikopitishwa na kuuliza maswali ambayo taarifa fupi ya serikali isingeyajibu.

Nchi ile ile inaonyesha pia faida ya kuhesabu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao iliripoti mwaka 2013 kwamba kati ya matukio 15 ya udhalilishaji wa kingono yaliyothibitishwa katika mahabusu za uhamiaji tangu Oktoba 2009 hadi Machi 2013, matatu yaliwapata watu waliobadili jinsia. Kundi dogo kabisa lilikuwa limebeba sehemu moja ya tano ya madhara. Baadaye mamlaka ya uhamiaji ikawa inatoa idadi ya watu hao waliomo mahabusu, mpaka mwaka 2025 idadi hiyo ilipoondolewa kwenye takwimu zake. Watetezi wa haki wa kule walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba nasi tudai idadi ileile: waliobadili jinsia wangapi wameshikiliwa Mpanda? Mimi napinga, na sababu yangu ni mazingira ya hapa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa kinachoitwa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Kubadili jinsia si kosa hilo, lakini machoni pa wengi, askari wakiwemo, tuhuma ya kimoja huvuta tuhuma ya kingine. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwaalika wananchi kupeleka majina ya watu waliowadhania kuwa mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ililazimika kutamka kwamba huo haukuwa msimamo wa serikali. Katika mazingira kama hayo, jedwali linalosema kwamba gereza fulani mkoani Katavi lina mmoja wa namna hiyo halitakuwa takwimu tena. Mji wetu ni mdogo, na kila mtu atajua ni nani. Hata kabla ya mji kujua, ofisa atakayepewa kazi ya kujaza jedwali hilo atalazimika kwenda kuwahoji na kuwakagua watu ili apate jibu. Ombi letu litakuwa limesababisha udhalilishaji tuliotaka kuuzuia.

Kwa hiyo barua ya Katavi iandikwe kwa namna nyingine. Iombe nakala ya mwongozo unaotumika kumpangia seli mtu ambaye hati zake na mwonekano wake havilingani. Kama mwongozo haupo, taasisi iseme kwa maandishi kwamba haupo. Iombe utaratibu wa upekuzi: unafanyika wapi, mbele ya nani, na unaandikwa katika daftari gani. Iombe idadi ya wote walioshikiliwa kwa makosa ya uhamiaji mkoani kwa mwaka, wastani wa siku walizokaa, na wangapi walibaki ndani baada ya kumaliza adhabu. Iombe idadi ya malalamiko ya kudhalilishwa yaliyopokelewa na hatua zilizochukuliwa, idadi ya vifo na sababu zake, na maelezo ya namna mahabusu anayetumia dawa za kila siku, zikiwemo za kufubaza VVU, anavyoendelea kuzipata anapohamishwa kutoka kituo hadi gereza. Mambo haya yote yanapatikana bila kumgusa mtu mmoja. Majibu yake yatamlinda aliyebadili jinsia, na yatamlinda vilevile huntha, mama mwenye mtoto mgongoni na kijana asiyejua Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya usalama wa taifa. Kifungu cha 6 cha sheria kinaruhusu kuzuia taarifa zinazohatarisha usalama au kuvuruga upelelezi, na kizuizi hicho kina mantiki. Lakini utaratibu wa kumpekua mtu aliyekwisha kudhibitiwa haumsaidii adui yeyote. Wapo watakaotaja faragha, na hao nawaunga mkono kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda watu wote dhidi ya kuanikwa kwa habari za afya na maisha yao ya ndani, na ombi nililolieleza halihitaji hata jina moja. Na wapo watakaosema kwamba kuuliza habari za watu hawa ni kuleta tabia za kigeni. Hao nawarejesha kwenye Katiba yetu, ibara ya 13(6), inayotaka utu wa mtu ulindwe anapokuwa chini ya ulinzi bila uhuru wake, na inayokataza kumtesa au kumwadhibu kwa namna ya kumdhalilisha. Imeandikwa mtu. Haikuongeza sharti la uraia, dini wala mwonekano. Anayeamini kwamba mtu huyo amekosea bado hana ruhusa ya kutaka avuliwe nguo mbele ya kundi.

Jirani zetu Wakenya wamelifikia hilo kupitia mahakama. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba mfungwa huntha wa gereza la Kamiti alitendewa unyama na udhalilishaji, ikiwa ni pamoja na kupekuliwa mwili mbele ya wenzake, na ikamwamuru aliyeshtakiwa, yaani serikali, kumlipa shilingi 500,000 za Kenya. Sheria yao ya mwaka 2014 kuhusu walionyimwa uhuru ikampa huntha haki ya kuchagua jinsia ya mtu atakayempekua. Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret nayo iliamuru mwanamke aliyebadili jinsia alipwe shilingi milioni 1 kwa aliyofanyiwa baada ya kukamatwa mwaka 2019. Kesi za namna hii husimama juu ya ushahidi wa nani alifanya nini, lini na kwa amri ya nani. Pasipo na daftari, hubaki neno la mahabusu dhidi ya neno la askari.

Wakenya wametuzidi pia kwa muda. Sheria yao ya taarifa, iliyopitishwa mwaka uleule wa 2016 kama yetu, inataka taarifa inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Yetu inaruhusu hadi siku 30 bila kutofautisha. Katika siku 30 mhamiaji anaweza kuwa amehukumiwa, amehamishwa na kuvushwa mpaka. Rufaa yetu nayo huishia kwa waziri, wakati Kenya ina Tume ya Haki ya Utawala inayosimamia maombi hayo. Na ofisa wetu akitoa taarifa iliyozuiliwa anaweza kufungwa miaka 3 hadi 5. Haishangazi kwamba akiwa na shaka huchagua kunyamaza. Bunge lirekebishe yote matatu: liweke saa 48 kwa taarifa za uhai na uhuru, liunde chombo huru cha rufaa, na limwondolee hofu ya jela ofisa aliyetoa taarifa kwa nia njema. Na haki ya kuomba taarifa zake mwenyewe apewe kila mtu aliyeshikiliwa nchini, awe raia au mgeni.

Marekebisho huchukua miaka, lakini barua inaweza kuandikwa wiki hii. Iandikwe kwa mkuu wa Uhamiaji wa mkoa, kwa kamanda wa Polisi na kwa mkuu wa Magereza, nakala iende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ina mamlaka ya kukagua magereza na mahabusu. Isainiwe na watu wengi wa vijiji na mitaa mbalimbali, ili asibaki mmoja wa kunyooshewa kidole. Na katika orodha ya watakaoisaini ningependa kuona majina kutoka Katumba na Mishamo, kwa kuwa hawahitaji kuelezwa na yeyote maana ya kuishi nchi ya watu huku karatasi yako ikiamuliwa na mwingine.

Kabla haijatumwa, kila sentensi ya barua hiyo ipimwe kwa swali moja: jibu lake likibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa manispaa, litamwajibisha mwenye ufunguo wa seli au litamfichua aliyefungiwa ndani? Ikiwa litamfichua, sentensi hiyo ifutwe. Ikiwa litamwajibisha mwenye ufunguo, ibaki, na tusichoke kuifuatilia mpaka ijibiwe.