Bastola Kiunoni Haimlindi Jirani

Wapo wenye mali kidogo huko Chamazi wanaoamini kwamba bastola iliyofichwa chini ya shati, pamoja na ala yake ya ngozi, ndiyo dawa ya ujambazi. Wamesahau upesi mno yaliyotokea Mbande, papo hapo Chamazi, mwezi Agosti 2016. Askari polisi wanne, watu wenye mafunzo, waliuawa kwa risasi kwenye lindo la benki, na silaha zao zikachukuliwa. Mwaka mmoja kabla, Julai 2015, kituo cha polisi cha Stakishari kilivamiwa, na huko pia bunduki ziliporwa. Silaha, basi, ni mali inayowindwa. Ikiwa askari alizidiwa, karani aliyejifunza shabaha siku mbili tatu atasalimika kwa muujiza gani, akishuka daladala gizani na mkate mkononi?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu mwananchi kuomba leseni. Hilo halina ubishi. Linalochukiza ni ubinafsi. Zamu ya ulinzi shirikishi ikiitishwa, bwana huyo ndiye wa kwanza kutoa udhuru, na hata mchango wa tochi humshinda! Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini, pamoja na makosa yao yanayojulikana, katika miaka ya 1980 waliwakabili wezi wa ng'ombe kwa pinde na mishale, kwa kuwa yowe lilipopigwa kijiji kizima kilitoka. Mwenye bastola wa Chamazi naye ajiandikishe zamu kwa mjumbe wake, aje na filimbi.