Mti wa mbuga hauuzwi, lakini aliyerudi anahitaji nguzo

GOMA – Tangu kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji zivunjwe Februari 2025, familia nyingi zimerudi Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Wengi wamekuta nyumba zimechomwa ao zimeng'olewa mbao na mabati. Mtu wa namna hiyo anahitaji kwanza vitu viwili: mahali pa kujenga na miti ya kusimamisha nyumba. Kwa wanaokaa kando ya mbuga ya Virunga, vyote viwili vinaonekana karibu, ng'ambo tu ya mpaka. Shida inaanzia hapo.

Sheria iko wazi. Mbuga iliundwa mwaka 1925, na sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 haimruhusu mtu kujikatia miti wala kujijengea nyumba ndani yake. Hata hivyo kuna wanaouza parseli humo. Mnunuzi anapewa karatasi yenye muhuri wa shefu wa kijiji, analipa, anajenga. Siku walinzi wa ICCN wakifika, nyumba inabomolewa na muuzaji haonekani tena. Aliyekimbia vita anakimbia mara ya pili, safari hii bila feza.

Kwa sheria ya 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Haki ya parseli inathibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na ofisi ya ardhi. Karatasi ya shefu haichukui nafasi yake, na hakuna ofisi yenye haki ya kutoa hati ya kujenga ndani ya mbuga. Anayestahili kushitakiwa kwanza ni muuzaji, kabla ya mama aliyejenga kibanda.

Wako wanaosema mti hauwezi kupewa heshima kuliko mtu. Uchungu wao unaeleweka. Lakini mlima usio na miti haushiki maji wala udongo. Kalehe haijasahau mvua ya Mei 2023: Bushushu na Nyamukubi zilizolewa, watu zaidi ya 400 wakafa. Mti unaolindwa juu ya kilima unamlinda pia aliyejenga chini.

Hata hivyo, kumwambia raia «usikate» bila kumwonyesha atakapopata nguzo ni kumcheka. Makala na mbao za Goma hazishuki kutoka mbinguni. Mikaratusi iliyopandwa kwenye mashamba ya watu, nje ya mbuga, inaweza kutoa nguzo baada ya miaka michache. Lakini aliyerudi leo hawezi kulala nje akingoja mti ukue. Kwa hiyo mashirika yanayogawa maturubai yangenunua nguzo kwa wakulima hao: familia inapata nyumba, mkulima anapata sababu ya kupanda tena.

Mpaka nao uonekane. ICCN, watu wa kadastre, mashefu na wajumbe wa waliorudi wautembee pamoja kwa miguu, waweke alama, kisha watangaze kwa redio. Mabishano ya mpaka yamedumu miaka mingi, na kila mwaka muuzaji mwongo anapata faida.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, mnunuzi aulize kadastre, aulize majirani, aulize walinzi. Muuzaji anayekataza maswali hayo ameshajibu.