Kobe alikufa: ni nani njo alimuua?



Mwezi huu nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: kifo cha kobe. Hata mimi nililicheka kwanza. Kisha niliona haya.

Katika kampi moja ya wafanyakazi, si mbali na Likasi, familia moja ya kanisa ilikuwa na kobe. Baba alimtoa shambani, akakaa mu lupango miaka mine. Aliyemlisha kila jioni lengalenga na maembe ya kuanguka ni mtoto wa miaka tisa, yatima, mwana wa dada marehemu wa baba. Vitu vyote vya nyumba vilikuwa vya wengine. Kobe alikuwa wake.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba walimkuta kichwa inje, miguu imelegea. Hakuna damu, hakuna kidonda. Nilikuwa napita, mtoto akanikimbilia akilia: "Pasta, alikufa na nini? Jana alikuwa anatembea bien!" Nikamjibu: "Nyamaza, mwana. Ni kobe tu. Baba ataleta ingine." Nikaenda zangu.

Siku ya tatu nilirudi. Kobe alikuwa bado kwenye katoni, anaanza kunuka, na nyumba ilikuwa imejitafutia jibu. Tantine mmoja, ndugu ya mama, alisema wazi: "Nyama haiwezi kufa bule. Nani njo alikuwa anamukulisha? Na mama ya huyu mutoto alikufaka vilevile, ugonjwa haikujulikana." Mtoto mchanga wa nyumba alikuwa anakohoa, basi watu walianza kuhesabu: kwanza kobe, sasa mtoto. Yatima alikuwa anakula peke yake inje. Aliniuliza kwa sauti ndogo: "Pasta, ni mi njo nilimuua?"

Ndugu zangu, baadhi ya watoto wanaolala sokoni walitoka nyumbani kwa neno la namna hiyo.

Niliita watu wote, tukaketi, nikaomba tuongee juu ya kobe mwenyewe. Kobe hana moto wake ndani kama sisi. Joto la mwili wake linafuata joto la inje. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wetu wa Katanga ni baridi kali. Porini, wakati huo, anajificha shimoni ao chini ya majani, hali, anangojea mvua. Mu lupango lililofagiwa vizuri atajificha wapi? Tena kobe anaficha ugonjwa: anaweza kuugua kwa majuma mengi, nasi tunaona siku ya mwisho tu. Anaweza kumeza kipande cha sashe. Anaweza kula sombe mbichi, na sombe mbichi ina sumu. Hata munganga wa nyama, mara nyingi, hawezi kujua bila kumpasua. Nikawaambia: "Hatujui kilichomuua. Sababu ni nyingi, na hakuna hata moja yenye jina la mtoto huyu."

Tukasoma Yoane 9. Wanafunzi walimwona kipofu wa kuzaliwa, wakauliza ni nani aliyefanya zambi, yeye ao wazazi wake. Walileta majina mawili, na Bwana aliyakataa yote mawili. Kutokujua si zambi. Zambi ni kuchukua jina la mnyonge na kuziba nalo shimo la kutokujua kwetu. Na mujue pia kwamba sheria ya inchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 januari 2009, inatia adhabu mtu anayemshitaki mtoto kwa uchawi.

Kisha nilimwomba mtoto masamaha. Soma 2 Samweli 12: masikini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, akampenda kama binti yake. Daudi aliposikia habari yake hakusema "ni kondoo tu", alikasirika sana. Mtoto ambaye amekwisha kuzika mama, akimlilia kobe, analia vilio viwili.

Baba mwenyewe alishika jembe, tukamzika kobe chini ya mwembe. Mtoto mchanga alipelekwa dispanseri, wakampa dawa ya kikohozi, akapona. Tantine hakuja kwenye kaburi. Lakini jioni ile alimwita yatima kula bukari pamoja na wengine.

Kwa wazazi, maneno matatu:

1. Wakati wa baridi usiharakishe kumzika kobe. Akipoa sana anaweza kuonekana mfu. Mweke siku moja mahali pa joto kidogo, si karibu na mbabula, na umguse mguu na pembeni ya jicho. Akianza kunuka, amekufa kweli.

2. Nyama aliyekufa bila sababu kujulikana, musimpike. Mumzike mbali na kisima, kisha munawe mikono kwa sabuni. Hata kobe muzima anaweza kubeba vijidudu vya kuhara, na watoto wadogo ndio wanaumia zaidi.

3. Usimwambie mtoto "amelala" wala "ni nyama tu". Mwambie: "Alikufa. Hatujui sababu. Wewe ulimlisha vizuri." Halafu ukae naye.

Maulizo kwa familia: Kwetu nyumbani, jambo likikosa jibu, ni jina la nani linalotajwa kwanza? Kwa nini ni lake? Someni pamoja Matayo 10:29-31, na muombe kwa ajili ya huyo mtu, mukimtaja kwa jina lake.

Bwana awabariki. Tuonane mwezi ujao.