Dakika Zao Ziwafikie

Ndugu zangu wa Nassa na Busega nzima, kila Septemba watoto wetu wa darasa la saba huingia kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wamo ambao mkono hautulii kwa sababu ya mtindio wa ubongo, wamo wanaotembea kwa magongo, wamo wenye ualbino ambao hawayaoni vizuri maandishi madogo. Somo wanaweza kulijua barabara, wakakosa nafasi ya kulionyesha.

Chukueni fomu ya majibu tu. Tangu 2012, katika maswali ya kuchagua jibu, mtahiniwa husiliba kwa penseli herufi ya jibu, kisha mashine husahihisha. Mkono uliotulia humaliza mara moja. Mkono unaotetemeka huvuka mpaka, mtoto akafuta, karatasi ikachafuka, na swali la pili bado linamngoja. Akipata maksi ndogo, watu husema hana akili. Neno hilo linaniuma, maana tumepima mkono wake tukadhani tumepima kichwa.

Baraza la Mitihani la Tanzania limeelekeza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wasioona hupewa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa. Mtihani wa Hisabati wa saa mbili, kwa hesabu hiyo, huongezwa dakika 40. Ni haki yao, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 iko upande wao.

Lakini msimamizi wa mtihani hutoka shule nyingine. Mtoto wako hamjui. Ikiwa jina lilisajiliwa bila kutaja ulemavu wake, karatasi ya maandishi makubwa itatoka wapi asubuhi ile? Usajili hufanyika miezi mingi kabla, wengi wetu tukiwa mashambani. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usimfiche mwanao wala usione haya. Nenda kwa mwalimu mkuu, mweleze mtoto anashindwa nini na anaweza nini, uhakikishe imeandikwa. Nanyi walimu wakuu, taarifa hiyo ifike kwa Afisa Elimu Kata na kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri ingali mapema. Tena muda wa nyongeza utolewe tangu mitihani ya majaribio, mtoto auzoee, ajue namna ya kuutumia.

Yapo pia yasiyohitaji barua ya Wizara ya Elimu. Mlango wenye kizingiti cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa karibu mita 1.8 ili mtoto wa kiti cha magurudumu apande kwa mikono yake mwenyewe. Mawe na mchanga tunavyo, mafundi tunao. Meza ya kuingiza kiti hicho chini yake ni kazi ndogo kwa seremala. Na choo, jamani! Mtoto asiyeweza kuingia chooni hujinyima maji tangu alfajiri, halafu tunamtaka afikirie sehemu na desimali.

Naomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kila kijiji: watoto hawa ni akina nani, wanasoma shule gani, nani atatoa saruji, na fundi gani ataanza kazi likizo ya Juni.