SEHEMU YA 9: "Nesi, ni majani tu"

Leo naongelea sentensi moja ninayoisikia sana kliniki: "Nesi, hii si dawa ya dukani, ni majani tu, ni ya asili."

Mjamzito mmoja aliniambia hivyo kuhusu bangi. Kichefuchefu kilimsumbua, jirani akamshauri achemshe kidogo anywe. Jirani hakuwa na nia mbaya. Ila mimi hilo neno "ni ya asili" nalipinga, na nitalipinga kwa kutumia mmea mwingine kabisa.

Kuna mimea midogo sana inayotambaa kwenye miamba na magome ya miti penye unyevu. Haina maua, mbegu wala mizizi ya kweli. Ukiiona utadhani ni ule ukijani unaoota chini ya simtanki linalovuja. Kundi lake moja linaitwa Radula. Mwaka 1994 wanasayansi wa Japani walikuta humo kemikali inayofanana sana na THC, ile inayolevya kwenye bangi. Na Radula na bangi hazina undugu wa karibu hata kidogo, koo zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

Imewezekanaje? Jibu liko kwenye jeni. Jeni ni maelekezo ya mapishi ndani ya seli, na vimeng'enya ndio wapishi. Sisi wa Mara tunajua ugali wa mahindi, wa muhogo na wa mtama: unga tofauti, kusonga ni kule kule. Bangi inaanza na aina ya asidi ya mafuta. Radula inaanza na kitu kingine, cha ukoo mmoja na kile kinachoipa mdalasini harufu. Halafu zote mbili zinaongeza kipande kinachofanana. Mwisho wake vinatoka vitu viwili vya karibu sana, ingawa si kimoja. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi waliwapa panya ile ya Radula. Iliingia kwenye ubongo na kushika vipokezi vilevile vya THC, ila kwa nguvu ndogo zaidi.

Hata bangi kwa bangi zinatofautiana. Miche miwili inaweza kufanana kwa macho, mmoja una jeni nzima ya kutengeneza THC, mwingine hauna. Jicho halioni jeni, mama. Anayekuambia "haka kajani nakajua" anajua sura yake tu. Kilichomo na kiasi chake hakijui, na mimi nesi nikikaangalia sikijui pia.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu vile vipokezi mtoto anavyo tangu akiwa tumboni. Mwili wetu una kemikali zake wenyewe za kuvitumia, hata maziwa ya mama yanazo. Vichanga vya panya vikizibiwa vipokezi hivyo vinashindwa kunyonya. THC inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, na matumizi ya bangi kwenye ujauzito yanahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwenye maziwa, utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliikuta hadi siku 6 baada ya mama kutumia. Kwa hiyo kuruka kunyonyesha mara moja hakusaidii.

Sisemi miti ni mibaya. Mseto tunaowapa watoto wakiwa na malaria, dawa yake moja asili yake ni pakanga. Tofauti ni kwamba ile imechujwa, imepimwa, na dozi inafuata uzito wa mtoto. Kijani cha kwenye sufuria hakina dozi.

Na sisi manesi tujisemee ukweli: tunafoka sana. Bangi ni kosa kisheria, mama anaogopa, tukimfokea anaficha, na anayeumia ni mtoto. Dada yangu, mimi si polisi. Ulichokunywa, ulichovuta au ulichompaka mtoto, niambie. Nitakusikiliza kwanza.

Kichefuchefu kikizidi, njoo kliniki, dawa salama kwa mjamzito zipo. Baba watoto, na wewe ukisoma hii, msindikize.

Mtumie mama mwenzako asome. Tukutane sehemu ya 10.