Umeme Mdogo Ni Upi?

Juzi fundi aliyekuja kutengeneza taa ya baraza alinitoa hofu: "Usiogope, mzee, umeme wa nyumbani ni mdogo." Nilinyamaza, lakini neno "mdogo" halijanitoka hadi leo. Mdogo kwa kipimo gani?

Washairi wenzangu, sisi tunaobagua mto, kijito na mfereji, tukifika kwenye umeme tunakuwa mafukara. Neno moja tumelibebesha mambo matatu: volteji, ambayo ndiyo msukumo, mkondo, yaani kiasi cha umeme kinachopita kila sekunde, na ukinzani, yaani jinsi kinachopitiwa kinavyouzuia mkondo huo. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha uhusiano wake: gawa volteji kwa ukinzani, utapata mkondo.

Kinachoudhuru mwili ni mkondo. Nyumbani kwetu Tanzania volteji ni 230. Ngozi kavu inaweza kukinza kwa omu 100,000, na hapo mkondo ni ampea 0.0023, utashtuka tu. Ngozi iliyolowa huweza kushuka hadi omu 1,000. Mkondo sasa ni ampea 0.23, nao waweza kuuvuruga moyo hadi ukashindwa kusukuma damu. Volteji ni ile ile. Huo umeme mdogo ni upi basi?

Sina ugomvi na "volteji". Limebeba jina la Volta, na likae. "Mkondo" tumeutoa majini, nao umetulia. Ninaloliombea nafasi ni "ukinzani". Limezaliwa na kitenzi chetu wenyewe, kukinza, lakini tumelifungia katika vitabu vya fizikia. Mtaani tunayo "shoti", nayo tumeichanganya: mtu hupigwa shoti, na nyumba huungua kwa shoti. Hii ya pili ndiyo asili yake, njia ya mkato ambamo ukinzani umekaribia sifuri na mkondo ukafurika. (Magazeti huandika "hitilafu ya umeme", maneno ya heshima yasiyosema lolote.)

Nitaambiwa ushairi si karakana. Sawa, lakini tenzi zetu zimefundisha dini, ndoa na adabu, na hazikupungukiwa utamu. Tena "ukinzani" lina mizani nne, nusu kamili ya kipande cha mizani nane, na kina chake cha "ni" hakimsumbui hata mwanafunzi.

Fundi atarudi kesho kumalizia kazi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nimemwekea taulo mlangoni.