Nyumba za Kupangisha Ng'ambo



Kila msimu wa karafuu ukiwa mwema, fedha ikishaingia mkononi, baadhi yetu hupata shauku ya kuvuka bahari na kununua kiwanja Mrima ili wajenge nyumba ya kupangisha. Siku hizi Kibiti inatajwa sana. Hatuwalaumu wenye shauku hiyo. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja na mwaka wa pili ukapumzika, na mwenye shamba ana haki ya kutafuta pato lisilongoja mvua.

Wala Kibiti haikuchaguliwa bure. Mji upo kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 magari huvuka Mto Rufiji bila kungoja kivuko. Kibiti ilipotengwa na Rufiji ikawa wilaya yake yenyewe, walimu, wauguzi na makarani walihitaji vyumba vya kukaa. Watu wa namna hiyo ndio wapangaji wa kutegemewa, kwa sababu mshahara wao una tarehe.

Lakini rai yetu kwa anayeanza ni hii: ajenge vyumba viwili, juu ya ardhi kavu, kwa fedha ya karafuu iliyokwisha kupimwa, si ya karafuu iliyo bado mtini.

Tuanze na ardhi. Kiwanja cha bondeni huuzwa rahisi, na urahisi huo una sababu. Warufiji wamejenga madungu marefu mashambani tangu zamani kwa kuwa wanaujua mto wao. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni wakakae juu. Mwaka 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti, yakaharibu nyumba na mashamba. Na huko delta, penye mikoko, sehemu kubwa ni msitu wa hifadhi wa serikali. Boriti zake zimeezeka nyumba nyingi za visiwani kwetu, lakini hapo si mahali pa kukatiwa kiwanja.

Pili, hati. Mjini, mtu atafute kiwanja kilichopimwa, na kabla ya kulipa aende ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya ahakikishe jina la mwenyewe. Ardhi ya kijiji ina Sheria yake ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kuisimamia. Karatasi iliyoandikwa barazani na mashahidi wawili haitoshi, hata kama muuzaji ni mtu wa heshima.

Tatu, hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, chumba kimoja ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Vyumba viwili kwa mwaka ni 720,000. Wengi huishia hapo wakafurahi. Sasa toa miezi miwili ambayo kila chumba kitakaa kitupu: zimebaki 600,000. Toa 150,000 za bati, choo, kodi ya serikali na ujira wa mtu wa kukutazamia nyumba: zimebaki 450,000. Ikiwa ujenzi ulikula milioni 6, fedha yako itarudi baada ya miaka 13 na zaidi, si minane. Asiyeweza kungoja muda huo aongeze miche shambani kwake.

La mwisho ni deni. Wazee wetu walikopa kwa kuweka rehani mikarafuu, mpaka mwaka 1934 serikali ya Unguja ikalazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe kwa madeni. Leo mtu akiweka rehani shamba la Pemba ili ajenge Kibiti, na wapangaji wakakosekana, atapoteza vyote viwili. Vyumba viwili vilivyolipiwa vitazaa cha tatu kwa wakati wake. Nyumba ya vyumba sita iliyoishia kwenye linta haimlazi mpangaji.

Basi anayekusudia kwenda, na avuke wakati wa masika, si kiangazi. Aone kiwanja kikiwa kimelowa, kisha awaulize wenyeji maji ya mwaka 2024 yaliishia wapi. Akishaonyeshwa, ndipo afungue mfuko.